Mpiga Ngoma Aliyekufa Bila Likizo

Ninyi mnaosoma haya msidhani nina ugomvi na serikali. Sina, na sijawahi kuwa nao. Kwa sasa niko rumande, ni kweli, lakini nimeelezwa kwamba ni kwa sababu za kiafya. Nitalifikia hilo.

Kwetu ni Nuruni, mji mdogo katika Jamhuri ya Ridhaa. Ukiitafuta Ridhaa kwenye ramani usiione, usiilaumu ramani. Nchi yetu ilijiondoa yenyewe baada ya wachoraji kumpaka jirani yetu rangi nzuri kuliko yetu. Wananchi tulishangilia uamuzi ule kwa siku nzima, kwa amri.

Mji wetu uliongozwa na Mstahiki Meya Burehani Ngulumo, mtu mwenye upendo mkubwa wa kutoa habari. Kila Ijumaa asubuhi alisoma Habari za Mji Wetu, na spika zilizofungwa juu ya nguzo zilimpeleka kila mahali: sokoni, stendi, mashuleni, wodini, hata makaburini, maana hakutaka mkazi yeyote akose kusikia. Mimi, Mshamu, nilikuwa mtumishi wa manispaa, na kazi yangu ilikuwa kumshikia maiki. Msinicheke. Walishamnunulia kisimamio cha chuma kizuri kabisa, akakikataa. Alisema chuma hakiwezi kutikisa kichwa kukubali mtu akizungumza.

Basi nilishika maiki na nikatikisa kichwa.

"Wakazi wangu wapendwa," alikuwa akianza, "jalala la sokoni limekua. Nawapongeza sana. Kuanzia leo litaitwa Mlima wa Biashara, na watoto wa shule watapelekwa kulitembelea." Umeme ulipokatika mwezi mzima, alitangaza kwamba manispaa imewarudishia wakazi nyota zao. Dari la wodi ya wazazi lilipoanguka alitangaza kwamba hospitali yetu sasa ina hewa safi kuliko zote nchini. Mama mmoja aliangukiwa na lile dari akavunjika bega. Mstahiki akamtaja kwa jina, akamshukuru kwa kuwa wa kwanza kuifaidi hewa hiyo.

Halafu palikuwa na ile sheria ndogo. Sheria ilisema jambo lisilosomwa Ijumaa halijatokea. Ilianza na harusi, ikaja kwenye uzazi, ikafika kwenye vifo: mtu hazikwi mpaka kifo chake kisomwe kwenye spika. Walisema ni kwa faida yetu, ili ndugu na jamaa wapate taarifa. Wachimba kaburi walikaa makaburini kila Ijumaa na majembe yao, wakisikiliza nani amesomwa.

Hatukuona ubaya. Tulikuwa watu wa kuridhika.

*

Siku moja habari zikaja kutoka mji mkuu kwamba Mgeni Rasmi atatutembelea kuja kufungua mradi. Mgeni Rasmi ndiye mkuu wa nchi. Ana jina lake, ila kwetu kulitaja ni kama kumshika mkono bila kunawa, kwa hiyo hatulitaji.

Tatizo likawa kwamba Nuruni hapakuwa na mradi. Mstahiki Meya akaitisha kikao. Mhandisi wa maji, kijana mpole, akasimama akasema mabomba ya mtaa wa Bondeni yamezeeka, yakiwekwa mapya Mgeni Rasmi anaweza kuyafungua.

"Mabomba yanakaa wapi?" akauliza Meya.

"Chini ya ardhi, Mstahiki."

"Sasa Mgeni Rasmi ataingia chini ya ardhi? Unataka kumzika?"

Mhandisi akakaa chini. Ikaamuliwa ijengwe chemchemi ya mapambo katikati ya kipilefti kikubwa, pale barabara zinapokutana, ya marumaru nyeupe, yenye kurusha maji juu kuliko jengo la manispaa. Ilipokamilika na kufunguliwa kwa majaribio, ikatoa maji kama mtu anayetema mate. Mhandisi akaeleza kwamba msukumo hautoshi, labda Bondeni ifungiwe maji kabisa.

"Funga," akasema Meya, kisha akamaliza chai yake.

Ijumaa iliyofuata nilishika maiki akatangaza: "Wakazi wa Bondeni, hongereni! Mmechaguliwa kuwa wafadhili wa chemchemi yetu. Kila tone mnaloliona linaruka pale ni la Bondeni. Nendeni mkalitazame."

Na kweli walikwenda kulitazama, wamebeba ndoo. Askari aliyewekwa pale akawaeleza kwamba tangazo lilisema kutazama.

Bondeni ni mtaa wa watu wengi na vyumba vidogo. Ulipokauka, watu wakashuka kwenye mfereji unaopita nyuma ya machinjio, wakachimba visima vya mikono pembeni mwake. Maji yale yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Waliochemsha walichemsha. Ambao siku hiyo hawakuwa na mkaa walikunywa hivyo hivyo.

Haikuchukua muda. Mtu alikuwa akiamka mzima, mchana anaharisha maji matupu na kutapika, jioni macho yamezama na ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo kutwa. Nesi Perpetua wa zahanati ya Bondeni alipanda mlima kwa miguu mpaka ofisini kwetu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kukaripia.

"Mstahiki Meya, kile ni kipindupindu. Wamejaa mpaka uwanjani. Nataka maji yafunguliwe leo, nataka mahema, nataka dripu."

Meya alinyoosha mkono akaifunika maiki, ingawa ilikuwa imezimwa.

"Mama, neno hilo halitumiki mwezi huu."

"Neno gani?"

"Hilo ulilolisema. Mgeni Rasmi anakuja. Tumeliweka pembeni mpaka baada ya ziara. Tumia uchovu wa maandalizi."

"Watu wanakufa!"

"Kwa uchovu," akasema Meya kwa upole. Alikuwa mpole sana kwa watu waliokata tamaa.

Nesi Perpetua aliniangalia mimi, sijui kwa nini. Mimi nilikuwa mshika maiki tu.

Ijumaa ile Mstahiki aliwatangazia wakazi kwamba Bondeni imeanzisha kampeni ya kupunguza uzito na kwamba matokeo yake ni ya kutia moyo. Akaendelea: "Na ninayo furaha kuwajulisha kwamba kwa sababu ya msimu wa sherehe, Nuruni hakuna kifo kitakachosomwa mpaka Mgeni Rasmi aondoke." Kwa kuwa kisichosomwa hakijatokea, mtaelewa wenyewe maana yake. Makaburini wachimba kaburi walikaa wakisikiliza, na pembeni yao walikaa watu na maiti zao wakisikiliza, na spika ilipozima wote wakainuka wakaondoka. Wenye ua walizika uani. Wasio na ua walijua wao walichofanya.

Mimi nilitikisa kichwa. Nawaambieni ukweli, shingo inazoea.

*

Katika Bondeni alikaa rafiki yangu Kondo Mbaruku, mpiga ngoma kubwa wa bendi ya manispaa. Alikuwa mtu wa tumbo na kicheko. Akiipiga ile ngoma, vioo vya ofisi ya Meya vilikuwa vinatikisika, na yeye kwa makusudi alikuwa akiongeza nguvu akipita chini ya dirisha lile. Wimbo wa taifa wa Ridhaa huanza na ngoma peke yake, mapigo mazito, ndipo tarumbeta zinaingia. Bila Kondo wimbo hauna mlango.

Mke wake aliitwa Sijaona. Alishona mito ya sufi akauza mlangoni kwake, na siku zote alikuwa na nyuzi nyeupe za sufi kwenye nyusi. Hakuwa msemaji. Kondo alisema maneno ya watu wawili, naye akatosheka.

Jumatano bendi ilikuwa mazoezini, Kondo akaweka vijiti chini akakimbilia nyuma ya ukuta. Aliporudi alikuwa wa kijivu. Akacheka akaniambia, "Mshamu, na mimi nimejiunga na kampeni ya Meya." Alhamisi mchana nikapata habari kwamba amefariki.

Nilimkuta Sijaona amekaa kwenye kizingiti. Ndani Nesi Perpetua alikuwa amemaliza kumpulizia Kondo dawa, amemfunga, amelifunga jeneza kwa misumari na kupaka dawa mbao zote. Kuna fundi jirani aliyekuwa akitengeneza makabati. Wakati ule alikuwa hatengenezi makabati tena.

"Pole, shemeji," nikasema.

"Kesho ni Ijumaa," akasema Sijaona. "Mwambie bosi wako amsome."

"Shemeji, si unajua msimu huu hawasomi... Labda tumzike kimya kimya, kama wengine."

Aliinua macho. Ndiyo mara ya kwanza kumwona na hasira, nikarudi nyuma nusu hatua.

"Nimzike wapi? Mimi nina mlango na njia ya kupita watu. Na hata ningekuwa na shamba. Kondo amewapigia ngoma hawa tangu hajaota ndevu. Kila waziri aliyeshuka kwenye gari alishukia kwenye ngoma yake. Leo nimfukie kisirisiri kama mtu aliyekufa akiiba kuku?"

Nikamwambia nitampeleka kwa Mstahiki mwenyewe kesho asubuhi.

Nikampeleka. Mstahiki Meya alikuwa akijaribu joho jipya mbele ya kioo, na Afisa Utumishi alikuwa amepiga magoti akimrekebishia pindo. Nilipoeleza, Meya aligeuka ghafla, pindo likachanika.

"Kondo kafa? Haiwezekani. Kondo yumo kwenye ratiba ya kesho."

"Amefariki jana, Mstahiki."

"Nani kampa ruhusa?"

Swali lilikuwa gumu.

"Afisa Utumishi! Huyu Kondo aliomba likizo?"

"Hakuomba, Mstahiki," akasema yule kutoka chini.

"Mmesikia. Mtumishi wa umma haondoki kazini bila likizo. Akienda msibani ataomba, akiumwa ataomba, akizaa ataomba. Akifa ndiyo anajiondokea tu kama yuko kwa baba yake? Tena siku mbili kabla ya Mgeni Rasmi! Hii ni hujuma. Sitamsoma, wala sitampa kibali cha kuzikwa. Kesho nataka kumwona kwenye kipilefti."

Sijaona alikuwa amesimama mlangoni na khanga kichwani. Alizungumza taratibu.

"Mstahiki, baba, nakuomba. Umsome leo nikamzike. Ana siku ya pili ndani, na joto hili."

"Mama, mimi sina shida na mume wako. Nina shida na utaratibu. Akitaka likizo aje mwenyewe aombe, mbele yangu, nami nitamsikiliza kama ninavyomsikiliza mtumishi yeyote."

"Aje mwenyewe?"

"Mwenyewe. Situmi wala sipokei mjumbe."

Sijaona alimtazama kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri.

"Haya, baba," akasema. "Atakuja."

Nilidhani ni uchungu unaosema. Nikamsindikiza mpaka ngazini, kisha nikarudi kushika maiki, kwa sababu muda wa habari ulikuwa umefika.

"Wakazi wangu wapendwa," akasema Mstahiki, "maandalizi yamekamilika. Mpiga ngoma wetu hodari, Kondo Mbaruku, anawasalimu sana. Yuko imara, na kesho mtamsikia."

Maiki ilikuwa imeinama mkononi mwangu. Mstahiki akaishika akainyoosha, akaendelea.

*

Jumamosi kipilefti kilipambwa mpaka mtu usingejua kwamba ni Nuruni. Wakazi wa Bondeni walikatazwa kufika kwa sababu walikuwa wamekonda na wangeharibu picha. Badala yao waliletwa wanafunzi wa chuo cha mapishi, wanene, wakavishwa fulana zilizoandikwa BONDENI. Chemchemi ilikuwa ikiruka, maji yanapanda juu yakimeremeta, yanaanguka, yanakwenda kwenye mtaro.

Mgeni Rasmi alifika na msafara mrefu, akapanda jukwaani akaketi kwenye kiti kilichokuwa kirefu kuliko alivyohitaji. Akasema maneno machache kabla ya wimbo wa taifa, kwa sababu alikuwa na kawaida ya kusema maneno machache kabla ya kila kitu.

"Wananchi," alisema, "nimezunguka dunia nzima kwa ajili yenu. Nimeona chemchemi za wafalme. Zinaruka, ndiyo, lakini zinaruka kwa kiburi. Hii ya Nuruni inaruka kwa utii!"

Tukapiga makofi. Kisha tukaambiwa tusimame kwa wimbo wa taifa.

Tukasimama. Kimya. Bendi imeinua tarumbeta midomoni inasubiri ngoma, na ngoma imekaa peke yake, vijiti viko juu yake. Kiongozi wa bendi akashusha fimbo, akaipandisha, akaishusha tena. Hakuna aliyethubutu kuushika wimbo katikati, maana kuukata wimbo wa taifa kwetu ni uhaini. Tukabaki vile vile, mkono kifuani, jasho linatutoka, chemchemi inamwagika.

Ndipo tukasikia sauti kutoka barabara ya Bondeni. Ilianza kama mvumo, ikawa wimbo, wimbo wa kuzikia watu, wa sauti za wanawake. Wakatokea kwenye kona. Mbele alikuwa Sijaona. Nyuma yake wanaume wamebeba jeneza begani, mikono imefungwa mifuko ya nailoni kama Nesi Perpetua alivyowaamuru, na Nesi mwenyewe yuko pembeni na kopo lake la dawa. Nyuma yao Bondeni. Bondeni yote iliyokuwa bado inaweza kutembea.

Askari wakashika bunduki. Mgeni Rasmi akainama kwa Meya.

"Ni nini hicho?"

Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno. Mstahiki Meya alikuwa mtu wa vipaji, na kipaji chake hakikumtupa hata siku ile.

"Kikundi cha utamaduni, Mtukufu. Igizo."

"Linaitwaje?"

"Furaha ya Bondeni."

Askari waliposikia ni igizo wakashusha bunduki wakafungua njia. Waombolezaji wakaingia mpaka mbele ya jukwaa, wakalitua jeneza kando ya chemchemi. Wanawake wakalia. Sijui niwaelezeje kilio kile. Walikuwa wamekizuia siku zote hizo, kwa sababu kumlilia mtu ambaye hajasomwa lilikuwa kosa, na sasa kilitoka chote kwa mkupuo. Mmoja alianguka chini akawa anapiga lami kwa viganja.

Mgeni Rasmi alitoa kitambaa akafuta machozi. Akasimama akapiga makofi, na jukwaa zima likasimama likapiga makofi.

"Hawa ni hazina ya taifa!" akasema. "Nimeona maigizo, sijaona kama hili. Yule mama anayepiga lami! Rudieni! Anzeni tena pale kwenye kona, mje vile vile."

Kilio kikakatika. Watu wakamwangalia kama hawakusikia.

"Rudieni," akasema Mstahiki Meya kwa tabasamu la kutisha. "Mtukufu ameomba. Mshamu, mpe kiongozi wao maiki, ashukuru."

Nikashuka. Nikaisogeza maiki kwenye mdomo wa Sijaona. Nyuzi za sufi zilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Mtukufu," akasema, na spika zote za mji zikasema naye, "hatuwezi kurudia. Nilikuwa naye mmoja tu."

Mgeni Rasmi akamgeukia Meya. "Mmoja nini?"

"Anamaanisha vazi, Mtukufu. Vazi la igizo."

Sijaona hakumsikiliza. Aligeuka akamkabili Meya.

"Mstahiki, jana ulisema hupokei mjumbe. Ulisema aje mwenyewe aombe likizo. Huyu hapa. Amekuja. Mpe likizo yake."

"Mshamu," akasema Meya bila kufungua meno, "toa hiyo maiki."

Nilimsikia. Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiria mambo makubwa, haki, nchi, kesho ya watoto. Sikufikiria chochote. Nilikuwa nalitazama jeneza, nalinganisha upana wake na tumbo la Kondo, najiuliza amekonda kiasi gani mpaka akaingia mle. Mkono wangu ulibaki pale pale.

"Anaitwa Kondo Mbaruku," akasema Sijaona. "Alipiga ngoma ya mji huu. Amekufa juzi kwa kipindupindu, kwa sababu mlitufungia maji mkayaleta hapa yacheze. Ninyi hamkutaka kumsoma. Namsoma mimi."

Nikadhani imekwisha. Mzee mmoja akatoka kwenye kundi, akauvuta mkono wangu akajisogezea maiki. "Mke wangu Amina Tutindaga," akasema. "Kipindupindu." Akarudi alikosimama. Akaja mwanamke: "Mwanangu Baraka. Alikuwa ameanza kutambaa. Tumemzika nyuma ya choo, Mungu atusamehe." Akaja mwingine. Na mwingine. Walijipanga wenyewe bila kusukumana, kama watu waliokuja kuchota maji. Mji mzima ulikuwa unasikia: sokoni, stendi, wodini. Kiongozi wa bendi akavua kofia.

Jukwaani Mgeni Rasmi alikuwa ameshika mikono ya kiti chake.

"Wamesema kipindupindu?"

"Uchovu, Mtukufu. Lahaja ya huku."

Ndipo upepo ukageuka. Manyunyu ya chemchemi yakalielemea jukwaa, yakamwagikia viongozi usoni. Mgeni Rasmi alikuwa ameanza kusema kitu; yakamwingia mdomoni. Akajifuta haraka.

"Haya maji yanatoka wapi?"

Na Mstahiki Meya, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa amelisema jambo moja tu kuhusu maji yale, akajibu kabla ya kufikiri, kwa fahari:

"Bondeni, Mtukufu! Kila tone ni la Bondeni!"

Sijawahi kuona watu wakubwa wakikimbia vile. Mgeni Rasmi aliruka kutoka jukwaani akitema mate. Mawaziri wakapandana. Afisa Utumishi alimkanyaga Mstahiki pindo, joho likabaki chini kama ngozi ya nyoka. Hawa ndio watu waliotuambia kila Ijumaa kwamba Nuruni haina kipindupindu, na walikimbia kuliko sisi wote tuliosema kipo. Maji yale yalikuwa safi. Ndiyo yalikuwa maji safi ya Bondeni yote, yameletwa hapa kuruka, ndiyo maana watu walikufa. Wao waliyakimbia kama moto, kwa sababu waliambiwa yametoka kwa maskini.

Magari yakaondoka. Tukabaki sisi na chemchemi. Mama mmoja akaijongelea, akavua kilemba, akakichovya kwenye maji, akamkamulia mwanawe mdomoni. Askari wa zamu akatazama kulia na kushoto. Hakukuwa na mtu wa kumwamuru. Akasogea pembeni.

Tukamchukua Kondo mpaka makaburini. Kaburi tulikuta limeshachimbwa.

"Tumesikia kwenye spika," akasema mchimba kaburi mmoja, amelowa jasho. "Amesomwa."

*

Sasa, hivi ndivyo serikali ilivyochukua hatua, maana serikali yetu huchukua hatua.

Mstahiki Meya Ngulumo aliteuliwa kuwa Waziri wa Maji. Taarifa ilisema ndiye kiongozi pekee aliyewahi kumfikishia maji Mgeni Rasmi ana kwa ana. Nesi Perpetua alihamishiwa kijiji kisicho na barabara. Mhandisi aliandikiwa onyo kwa kujenga chemchemi bila kuzingatia upepo.

Mimi nilikamatwa Jumatatu. Shitaka langu ni kueneza kipindupindu kwa njia ya maiki. Mwendesha mashtaka alilieleza vizuri mahakamani, hata mimi nikaelewa: kabla ya Jumamosi ile, kwa mujibu wa taarifa zote rasmi, Nuruni hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Baada ya maneno yale kurushwa hewani, wagonjwa wakajaa mji mzima. Kwa hiyo ugonjwa ulitoka kwenye spika, na maiki ya spika hizo ilikuwa imeshikwa na mimi. Hakimu alitikisa kichwa. Nilimwangalia shingo, nikamwonea huruma. Niliijua ile shingo.

Mnaniuliza kama nina hasira? Nimeshasema sina ugomvi na serikali. Ila nikilala huku, namsikia yule mama aliyesema "nyuma ya choo", na mimi ndiye niliyeshika maiki siku walipotangaza kwamba mwanawe hajafa. Mtu akinikuta nimeng'ata blanketi, basi ajue ni baridi.

Jana Sijaona alikuja kunitembelea. Walimpekua mpaka kwenye kisigino cha ndala. Alikaa upande wa pili wa nondo, mikono mapajani. Akaniambia mahema yamefika, na madaktari wageni, kwa sababu neno lilipokwisha kusemwa nje walishindwa kulirudisha ndani. Watu wanapona. Waziri mpya alikuja kupigwa picha.

"Na maji?" nikamuuliza.

"Yametoka. Jana asubuhi."

"Mengi?"

"Mengi. Safi. Alikuja mtu mmoja, shemeji. Mtu mmoja, na spana. Hakuchimba, hakuvunja. Aliinama pale kwenye kona, akazungusha, akapanda baiskeli akaenda zake. Nilikuwa nimesimama mlangoni namwona. Nyumba zote, mabomba yakaanza kukohoa, yakatoka."

Askari akagonga ukuta kwamba muda umekwisha. Sijaona akainuka, akajifunga khanga kiunoni, akaikaza.

"Kumbe ilikuwa ni kufungulia tu," akasema.